Maswali ya Wasomaji: Viungo Vinauma, Sasa na Masikio?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wanaoishi na magonjwa ya mchochota wa muda mrefu: baridi yabisi, lupasi, mchochota wa uti wa mgongo, mchochota wa mishipa ya damu. Karibu wote wanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: haya ya masikio ni ugonjwa wangu uleule, ni dawa ninazokunywa, au ni kitu kingine kabisa? Jibu si moja, kwa hiyo tumezichukua barua moja baada ya nyingine.

SWALI: Shikamooni madaktari. Nina baridi yabisi, huu ni mwaka wa sita. Juzi niliamka sikio la kushoto limeziba kama vile nimetoka kupiga mbizi, na lina mvumo. Nikiweka simu upande huo sisikii neno. Haliumi wala halitoi usaha. Kliniki yangu ya viungo ni baada ya wiki tatu. Nisubiri, au niweke matone?

JIBU: Marahaba. Mwandishi wa barua hii alipigiwa simu siku ileile ilipotufikia, kwa kuwa swali lake halikuweza kungoja gazeti lichapwe. Tunaitoa kwa ajili ya wengine.

Usisubiri, na usiweke chochote sikioni. Sikio linalopoteza usikivu ghafla bila maumivu ni dharura mpaka vipimo viseme vinginevyo. Madaktari hutumia kigezo hiki: usikivu wa sikio la ndani ukishuka kwa desibeli 30 au zaidi, katika masafa 3 yanayofuatana, ndani ya saa 72, huo ni uziwi wa ghafla. Wewe nyumbani huna mashine ya kupimia, lakini kuna jaribio dogo lisilogharimu kitu. Funga mdomo, uvumishe "mmmm" kwa sauti nene. Mvumo ukisikika zaidi kwenye sikio bovu, yaelekea njia ya sauti ndiyo iliyozibwa: nta, au maji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua. Mvumo ukikimbilia sikio zima, tatizo huenda liko ndani, kwenye koklea, kile kiungo cha kusikia cha sikio la ndani, au neva ya kusikia. Daktari atafanya jambo hilohilo kwa uma wa sauti wa hezi 512 akiuweka katikati ya paji la uso. Jaribio hili si la kukupa ugonjwa jina. Ni la kukusaidia kumweleza mtu wa mapokezi kwa nini unataka kuonwa leo.

Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo leo au kesho. Mambo yawe kwa mpangilio huu: kwanza sikio liangaliwe ndani na nta itolewe kama ipo, kisha upimwe usikivu kwa mashine, kisha dawa. Dawa inayotumika zaidi ni steroidi ya kumeza, kwa kawaida prednisoloni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isizidi miligramu 60, inywe yote asubuhi kwa siku 7 hadi 14, halafu ipunguzwe kidogokidogo. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2019 unataka ianzwe ndani ya wiki 2 tangu sikio lizime, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyoleta matumaini zaidi. Usikivu usiporudi, au steroidi ya kumeza ikiwa haifai kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu lisilotulia, steroidi inaweza kuchomwa kwa sindano nyembamba kupitia ngoma ya sikio. Baada ya sindano hiyo hulazwa sikio likiwa juu kwa nusu saa hivi, na huombwa usimeze mate, kwa sababu kila ukimeza ule mrija wa kwenda kooni hufunguka na dawa ikavuja. Njia hii hutumika pia kama jaribio la pili, kati ya wiki ya 2 na ya 6.

Mambo huharibikia wapi? Mara nyingi mahali pawili. Pa kwanza, mgonjwa huambiwa ni mafua au nta, akapewa antibiotiki na kuagizwa arudi baada ya wiki mbili. Akirudi, muda mzuri umeshapita. Pa pili, mgonjwa wa baridi yabisi hujituliza: "Mbona nakunywa prednisoloni tayari?" Miligramu 5 za kila siku za kutuliza viungo si dozi ya kuokoa sikio. Kosa la kinyume nalo lipo, la mtu kujiongezea vidonge mwenyewe nyumbani. Kabla ya dozi kubwa mwambie daktari kama una kisukari, vidonda vya tumbo, kama umewahi kuugua kifua kikuu au homa ya ini aina ya B, na kama unatumia sindano za kibayolojia. Kinga iliyokwisha kushushwa na dawa moja huweza kushushwa mno na ya pili.

Kuna jambo moja linalowahusu zaidi wenye magonjwa ya kinga. Uziwi wa ghafla wa kawaida hushika sikio moja na kuishia hapo. Ule unaoletwa na kinga ya mwili kushambulia sikio la ndani hupenda kwenda polepole, kwa wiki au miezi, ukipanda na kushuka, na mara nyingi hufika sikio la pili. Brian McCabe, daktari wa Marekani, ndiye aliyeueleza kama ugonjwa wa peke yake mwaka 1979. Huo hutibiwa kwa steroidi kwa muda mrefu zaidi, aghalabu wiki 4 kabla ya kuamua kama dawa inafanya kazi. Kwa hiyo hata sikio likirudi, pimwa tena matibabu yanapokwisha na tena ndani ya miezi 6. Na kila uziwi wa upande mmoja usioeleweka unastahili picha ya MRI, kwa sababu wachache huwa na uvimbe mdogo kwenye neva ya kusikia, usiohusiana kabisa na baridi yabisi.

SWALI: Ugonjwa wangu ni wa viungo. Sikio lina kiungo gani hata liugue?

JIBU: Linavyo viwili. Vifupa vitatu vya sikio la kati, nyundo, fuawe na kikuku, vimeungana kwa viungo vidogo vyenye utando uleule uliomo kwenye vidole na magoti. Baridi yabisi inaweza kuvifikia, ingawa madhara yake hapo kwa kawaida ni madogo.

Sikio la ndani ndilo lenye hatari zaidi. Koklea na mifereji ya mizani hulishwa na mshipa mmoja mwembamba wa damu ambao hauna msaidizi: ukiziba, hakuna njia ya pembeni ya kufikisha damu. Mchochota wa mishipa, au damu inayoganda kwa urahisi kama inavyotokea kwa baadhi ya wenye lupasi, huweza kuuziba. Vilevile kinga yenyewe inaweza kushambulia tishu za humo ndani. Ndiyo maana mtu mwenye viungo vilivyotulia kabisa anaweza kuamka na sikio baya. Viungo na sikio havipandi na kushuka pamoja, na kipimo cha damu cha mchochota kikitoka kizuri hakilipi sikio hati ya usafi.

Tungependa kila mwenye magonjwa haya apimwe usikivu mara moja akiwa mzima, hata kama halalamiki. Bila kipimo cha mwanzo, siku ya matatizo hakuna anayejua ulishuka kutoka wapi.

SWALI: Sikio langu limekuwa jekundu na linauma nikilalia. Nimepewa antibiotiki mara tatu, kila mara linapoa lenyewe baada ya siku kadhaa, halafu linarudi. Safari hii ni sikio la pili.

JIBU: Jitazame kwenye kioo. Kama wekundu umeenea sikio lote isipokuwa ndewe, ile nyama laini ya chini inayotobolewa hereni, fikiria mchochota wa gegedu. Ndewe haina gegedu, ndiyo maana huachwa. Maambukizi ya ngozi hayachagui hivyo. Ugonjwa huu hushika pia gegedu ya pua na ya koo la hewa. Sauti ikikwaruza, au ukisikia mlio unapovuta pumzi, hilo ni la hospitali usiku huohuo, si la kliniki.

Ndugu yake wa karibu kwa kukosewa ni maji yanayokaa nyuma ya ngoma ya sikio kwa mtu mzima, yasiyosikia antibiotiki, huku pua ikitoa magamba na damu. Hapo daktari hupima damu kutafuta kingamwili za ANCA, ambazo ni dalili ya mchochota wa mishipa midogo ya damu, na mkojo kutafuta damu na protini, kwa sababu mchochota huohuo hushambulia figo kimyakimya. Jicho jekundu lenye maumivu pamoja na kizunguzungu na usikivu unaoshuka ni mkusanyiko mwingine wa kuheshimu: David Cogan aliueleza mwaka 1945, na mpaka leo unaweza kumaliza usikivu wa masikio yote mawili iwapo macho yatatibiwa kwa matone na masikio yakasahauliwa.

SWALI: Nina umri wa miaka 68. Kwa ajili ya viungo nakunywa haidroksiklorokwini, methotreksati kila Jumapili, na za maumivu nikizidiwa. Wiki hizi masikio yanalia kama nyenje usiku kucha. Kijana wangu anasema niache dawa zote nione. Niache?

JIBU: Shikamoo mzee. Zote, hapana. Dawa zako hazilingani kwa hatari, na kuziacha kwa pamoja kutakuletea maumivu bila kukuambia mkosaji ni nani.

Wa kwanza kushukiwa ni hizo "za maumivu nikizidiwa". Aspirini kwa dozi kubwa, za gramu kadhaa kwa siku, huleta mlio masikioni na kushusha usikivu wa pande zote mbili. Habari njema ni kwamba ukiiacha, mambo hurudi kwa kawaida ndani ya siku 1 hadi 3. Aspirini ndogo ya miligramu 75 hadi 100, wanayopewa wenye ugonjwa wa moyo au damu inayoganda, si kawaida yake kufanya hivyo, kwa hiyo usiiguse bila ruhusa. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kuleta mlio pia, hasa mtu anapochanganya mbili bila kujua kwa sababu pakiti zina majina tofauti. Toa pakiti zote uzipange mezani, soma jina la dawa lenyewe na si jina la biashara, kisha hesabu miligramu za siku nzima. Kazi hiyo mpe kijana wako, ni bora kuliko ushauri aliokupa.

Haidroksiklorokwini mara chache huleta mlio au kupunguza usikivu, na kwa wengine haurudi wote. Kama mlio ulianza baada ya kuongezewa dozi, mwambie daktari wako wa viungo wiki hii. Atalinganisha na uzito wako, kwa sababu kikomo kinachopendekezwa kulinda macho ni miligramu 5 kwa kilo kwa siku. Methotreksati ya mara moja kwa wiki hatuiweki mbele kwenye orodha ya washukiwa. Prednisoloni, kwa yeyote anayeinywa kwa wiki nyingi, haikatwi ghafla kamwe: tezi zinazotengeneza homoni yake ya asili huwa zimelala, na kuikata kunaweza kumwangusha mtu.

Kuna dawa nyingine ambazo hukuzitaja lakini huwapata wagonjwa wa aina yako wanapolazwa: antibiotiki za jentamisini, streptomaisini na amikasini, na furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini, inayochomwa haraka kwenye mshipa. Hizo tatu za mwanzo huua chembe zenye vinywele za sikio la ndani, na chembe hizo kwa binadamu haziponi wala hazizaliwi upya. Figo zikiwa dhaifu, dawa hukaa mwilini muda mrefu na madhara huongezeka. Ukilazwa, sema mapema: "Nina ugonjwa wa kinga, na masikio yangu yana shida." Mara nyingi ipo dawa mbadala. Isipokuwepo, usikivu upimwe kabla na wakati wa matibabu.

Mlio wenyewe, kama vipimo havikuonyesha kitu cha kutibu, huumiza zaidi kwenye ukimya. Redio kwa sauti ya chini au feni chumbani wakati wa kulala huupunguzia nguvu, sauti iwe chini kidogo ya mlio, isiufunike kabisa. Lakini mlio wa sikio moja tu, au unaodunda sambamba na mapigo ya moyo, haupewi redio kabla ya daktari.

SWALI: Kila nikijigeuza kitandani kuelekea kulia, chumba kinazunguka kwa sekunde chache halafu kinatulia. Nimeona video ya zoezi la Epley kwenye simu, wanasema linaponya hapohapo. Nina baridi yabisi kwa miaka 14. Nilifanye?

JIBU: Usilifanye kabla shingo yako haijapigwa picha. Hili ndilo jambo ambalo video hizo hazisemi, na kwako lina uzito kuliko kizunguzungu chenyewe.

Maelezo yako yanafanana sana na chembe za kalsiamu zilizobanduka mahali pake sikioni na kuingia kwenye mfereji wa nusu duara, mara nyingi ule wa nyuma. Kila kichwa kikibadili mkao, chembe huteremka, maji ya mfereji yakasukumwa, na ubongo ukaambiwa kwamba unazunguka. Dalili zake ni hizo: mzunguko wa chini ya dakika 1, huja kwa kujigeuza, kuinama au kutazama juu, na usikivu haubadiliki. Si ugonjwa wa kinga. Huwapata watu wa kila aina, ingawa wenye mifupa iliyopungua nguvu, jambo la kawaida kwa watumiaji wa steroidi, huwapata zaidi.

Zoezi la Epley ni zuri kweli. Kwa sikio la kulia, mtu huketi kitandani, kichwa hugeuzwa nyuzi 45 kulia, hulazwa haraka kichwa kikining'inia nyuzi 20 hadi 30 chini ya ukingo, na kukaa hivyo sekunde 30 hadi 60. Kisha kichwa hugeuzwa nyuzi 90 kwenda kushoto, anangoja tena. Kisha mwili na kichwa hugeuka pamoja nyuzi 90 nyingine mpaka uso unatazama sakafu, anangoja, halafu huinuliwa kuketi kwa ubavu. Wengi hutulia baada ya kufanyiwa mara 1 hadi 3.

Tazama sasa shingo inatendwa nini hapo: inapindwa nyuma, inasokotwa, tena kwa kasi. Baridi yabisi ya muda mrefu huweza kulegeza kano inayofunga pingili ya kwanza na ya pili za shingo. Kano hiyo ikilegea, pingili ya kwanza huteleza na kubana uti wa mgongo. Dalili za tahadhari ni maumivu ya kisogo, ganzi au mshtuko kama wa umeme unaoshuka mgongoni ukiinamisha kichwa, vidole vinavyoshindwa vifungo vya shati kwa udhaifu na si kwa maumivu, miguu mizito, au mkojo usiozuilika. Lakini wengine hawana dalili hata moja.

Picha inayotakiwa ni eksirei ya shingo kwa ubavu, mgonjwa akiwa ameinamisha kichwa mbele, na nyingine akiwa amekiinua, vyote kwa kadiri anavyoweza mwenyewe bila kusukumwa na mtu. Picha ya shingo iliyonyooka peke yake inaweza kuonekana safi kabisa huku kano ikiwa imelegea. Hapa ndipo wagonjwa wengi hupewa amani ya uongo. Kwa mtu mzima, nafasi kati ya pingili ya kwanza na jino la pingili ya pili haitakiwi kuzidi milimita 3.

Shingo ikiwa salama, fanyiwa zoezi na mtaalamu, mara ya kwanza usilifanye peke yako. Ikiwa si salama, kuna kitanda kinachoinamishwa chote, mwili ukazungushwa kwa pamoja kama gogo bila shingo kugeuka. Na kama kitanda hicho hakipatikani, kusubiri si ujinga: chembe nyingi huyeyuka au kurudi zenyewe kwa wiki kadhaa. Lala kichwa kikiwa juu, geuka mwili mzima taratibu, keti ukingoni mwa kitanda dakika 1 kabla ya kusimama. Onyo hili la shingo ni la wenye mchochota wa uti wa mgongo pia, maana kwao pingili zilizogandana huvunjika kwa nguvu ndogo.

Likirudi mara kwa mara, pima vitamini D. Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2020 uliwapa waliokuwa chini ya nanogramu 20 kwa mililita vitamini D yuniti 400 na kalsiamu kaboneti miligramu 500, mara 2 kwa siku kwa mwaka 1, na kizunguzungu kiliwarudia mara chache zaidi kuliko wenzao. Ni dawa mbili ambazo mtumiaji wa steroidi huenda anazihitaji kwa mifupa hata hivyo.

Kizunguzungu chenye uso kupinda, ulimi mzito, kuona viwili viwili, kushindwa kabisa kusimama au kichwa kuuma kuliko kilivyowahi kuuma si cha chembe. Hicho ni cha gari la wagonjwa.

SWALI: Mimi sizungukwi na chumba. Ila nikitembea, mabango yanarukaruka sisomi kitu, na gizani nayumba kama mlevi. Nililazwa miezi mitatu iliyopita nikachomwa jentamisini kwa siku kumi.

JIBU: Umeeleza vizuri kuliko vitabu vingi. Mizani ya masikio yote mawili inapopungua kwa usawa, hakuna mzunguko, kwa sababu ubongo haupokei habari za upande mmoja zikipingana na za upande mwingine. Kinachopotea ni uwezo wa macho kutulia kichwa kikitikisika. Jentamisini hudhuru mizani kuliko usikivu, na dalili huweza kujitokeza hata baada ya sindano kwisha. Ndiyo maana kipimo cha usikivu kinaweza kutoka kizuri na mgonjwa akaambiwa hana kitu. Omba kipimwe kitu kingine: usome chati ya macho kichwa kikiwa kimetulia, kisha kikitikiswa na mtaalamu. Ukishuka mistari 3 au zaidi, tatizo limejionyesha.

Vidonge vya kizunguzungu, sinarizini na proklopirazini, havikufai. Hata kwa mwenye kizunguzungu kikali havipaswi kuvuka siku 3 hivi, kwa sababu humlaza ubongo usijifunze. Tiba ni mazoezi. Bandika herufi ukutani usawa wa macho, simama umbali wa mkono ulionyooshwa. Tikisa kichwa kushoto na kulia kwa hatua fupi huku macho yakibaki kwenye herufi, kwa kasi ya juu kabisa ambayo herufi bado inasomeka. Dakika 1, pumzika, kisha juu na chini dakika 1. Rudia hivyo katika vipindi 3 hadi 5 kwa siku, kila kipindi mara kadhaa, mpaka jumla ya siku ifike dakika 20. Kosa la kawaida ni kwenda polepole mno ili usisikie vibaya, na hapo ubongo haupati somo. Kosa la pili ni kupitiliza: kichefuchefu kinapaswa kutulia ndani ya dakika 15 hadi 20, kisipotulia punguza kasi kesho. Kwa mwenye baridi yabisi, onyo la shingo lililotangulia linahusu zoezi hili pia.

Kwa miguu, simama kwenye pembe ya chumba mgongo ukielekea ukuta, kiti mbele yako. Anza miguu ikiwa pamoja, macho wazi. Ukimudu sekunde 30, fumba macho. Ukimudu hilo, simama juu ya godoro jembamba. Nyumbani weka taa ya usiku kati ya kitanda na choo. Usiogelee peke yako, wala kupiga mbizi: ndani ya maji, bila mizani ya masikio, mtu hupoteza hata habari ya juu ni wapi.

SWALI: Nimepewa karatasi yenye miduara na misalaba, daktari akasema "arobaini" akamwita mwingine. Ndiyo nini?

JIBU: Duara jekundu ni sikio la kulia, msalaba wa buluu ni la kushoto. Kushoto kwa karatasi ni sauti nene, 125 au 250, kulia ni nyembamba mpaka hezi 8000. Kadiri alama inavyoshuka ndivyo sauti ilivyohitaji kukuzwa ili uisikie. Wastani wa alama zako kwenye hezi 500, 1000, 2000 na 4000 ukiwa chini ya desibeli 20, Shirika la Afya Duniani huuita usikivu wa kawaida. Arobaini iko kwenye 35 hadi 49, upungufu wa kati: hata chumbani kimya mazungumzo yanaweza kukupita, kwenye kelele unapotea. Alama za mabano ni za sauti iliyopitishwa kwenye mfupa. Zikiwa juu zaidi ya duara na misalaba kwa zaidi ya 10, njia ya sauti imezibwa mahali, na hilo mara nyingi hutibika. Zikienda pamoja, tatizo ni la ndani.

Chukua nakala, uitunze. Kipimo kijacho kikishuka kwa desibeli 20 kwenye alama moja, au 10 kwenye alama mbili zinazofuatana, mwambie anayekuandikia dawa.

SWALI: Mama yangu amepewa vifaa vya kusaidia kusikia lakini vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi. Betri zinamwanguka, kifaa hakikai, sasa viko kabatini.

JIBU: Aliyemchagulia alitazama masikio bila kutazama mikono. Vile vidogo vinavyoingia ndani kabisa hutumia betri namba 10, ya kibandiko cha manjano, yenye upana wa milimita 5.8. Namba 675, ya kibandiko cha buluu, ina milimita 11.6 na hushikika. Bora zaidi ni kifaa cha nyuma ya sikio kinachochajiwa kwa kukiweka tu kwenye kikasha chake usiku. Kama ni lazima betri, mtafutie kalamu yenye sumaku ya kuinulia, na zibanduliwe kibandiko kisha ziachwe wazi dakika chache kabla ya kuwekwa, kwa sababu zinahitaji hewa ili ziamke. Kubandika tena kibandiko hakuzizimi.

Kuhusu kutokukaa: aombe kipande cha sikioni kitengenezwe upya bila ile pembe ya juu inayojifungia kwenye mkunjo wa sikio, kwani ndiyo inayoshinda vidole vilivyopinda, na kiwekewe kijikamba cha kuvutia. Kifaa kikipiga mluzi, mara nyingi hakijaingia vizuri au kuna nta. Asipunguze sauti kabla ya hayo mawili kuangaliwa. Vitufe vizimwe, sauti irekebishwe kwa kidhibiti cha mbali chenye vitufe vikubwa.

Na usikivu wake ukishuka mpaka vifaa visimsaidie kuelewa maneno, aulizie kipandikizi cha koklea bila kukawia. Baadhi ya magonjwa ya mchochota, ule wa Cogan ukiwemo, huacha koklea ikijaa mfupa, na waya wa kipandikizi haupiti kwenye mfupa. Chanjo ya nimonia itolewe kabla ya upasuaji, na daktari wa viungo aseme ni dawa zipi zisimamishwe na kwa siku ngapi.